Hesabu ya Watoto wa Musoma

Aghalabu historia huandikwa kwa majina ya wakubwa na tarehe za vita. Lakini iko historia nyingine, iliyoandikwa kwa damu ya watoto, ambayo watu wa Bukundi, mkoani Simiyu, wana haki ya kuisoma kama yao, maana sura yake moja ilianzia kwa jirani.

Mwaka 1956 mtaalamu Anthony Allison alichapisha hesabu ya damu za watu wa Musoma, kaskazini ya Simiyu. Katika watoto 287, wenye selimundu, maradhi ya kurithi yanayopinda chembe nyekundu za damu mfano wa mundu, walikuwa 9. Katika watu wazima 654 walikuwa 5 tu. Lau watoto wote wa namna hiyo wangaliishi, watu wazima hao wangalikuwa ishirini hivi. Hesabu haikusema wengine wako wapi, makaburi yalisema. Naye Allison alikwisha kuonyesha, mwaka 1954, kwamba arithiye kasoro hii kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Ngao ya ndugu mmoja, basi, ililipiwa na uhai wa mwingine, aliyerithi kwa wazazi wote wawili.

Katika miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alieneza njia ya kupima tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga, lililokaushwa katika karatasi. Alitafuta fenilketonuria, maradhi ya kurithi ambayo mwili hushindwa kuvunja sehemu moja ya protini, na akili ikaharibika. Mtoto akijulikana mapema, chakula maalumu humwokoa. Tone kama hilo hufichua selimundu pia, na mwaka 1986 ilithibitika kwamba penisilini huwakinga watoto wenye maradhi hayo na maambukizo yauayo.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Bugando, Mwanza, wa matone makavu ya damu zaidi ya 17,000 ya watoto wa kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mtoto mmoja katika watano hivi alirithi kasoro kwa mzazi mmoja; zaidi ya mmoja katika mia alikuwa mgonjwa. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya kupima Virusi vya UKIMWI. Tone lilikuwapo tayari. Lilikosa kuulizwa swali la pili.

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima, na mama hana dalili ya kumwonya. Asiyepimwa hungoja ugonjwa umtambulishe, na mara nyingi ugonjwa na kifo huingia kwa mlango mmoja. Musoma ilituachia hesabu ya waliopotea. Wajibu wetu ni kuwahesabu wangali hai.