Nafasi Kumi na Moja

Mjomba wangu wa Tanga alikishika kile kijitabu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa picha ambayo haijakauka. Kurasa zilikuwa kumi na sita, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, pini mbili za mgongoni zimeota kutu. Akakifungua katikati, akakuta majina ishirini na mawili yamepangwa kwa umbo la kiwanja.

"Mjomba, hiki kinaitwaje?" akaniuliza.

Nikamtajia jina la Kiingereza.

"Hilo nimelisikia. Kwa Kiswahili kinaitwaje?"

Nilikuwa nimevikusanya vijitabu hivyo kwa miaka tisa, tangu nilipokuwa nasoma Manchester, na maboksi mawili yalikuwa yamejaa. Jina sikuwa nalo.

Kitu chenyewe si kigumu kukieleza. Uingereza, siku ya mechi, wauzaji husimama nje ya uwanja na kuuza chapisho la siku hiyo: vikosi viwili, neno la meneja, msimamo wa ligi, habari za wageni, matangazo ya bia na ya maduka ya mtaani. Kilianza kama kipande cha karatasi ngumu chenye majina tu, kikanenepa hadi kuwa jarida la rangi. Wakati wa vita, karatasi ilipoadimika, kikarudi kuwa ukurasa mmoja uliokunjwa. Cha fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1882, Old Etonians dhidi ya Blackburn Rovers, kiliuzwa mnadani London mwaka 2013 kwa pauni 35,250. Ni karatasi moja tu.

Neno la kwanza linalomjia mtu ni *programu*. Zamani lingetosha, kwa kuwa wazee wetu waliitumia programu ya sherehe na programu ya redio bila shida. Siku hizi mwambie kijana kwamba unakusanya programu za mpira, atakuomba umrushie kwenye simu. Na kwa bahati mbaya hatakuwa amekosea sana. Mwezi Juni 2018 klabu za madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu ya Uingereza zilipiga kura kuondoa sharti la kila klabu kuchapa kijitabu. Gharama zilikuwa zimepanda, wanunuzi wamepungua, na kila kilichomo mtu alikwisha kukisoma simuni tangu asubuhi. Kwa hiyo neno lilihamia kwenye simu kwanza, kitu kikalifuata.

La pili ni *ratiba*. Hili nalipenda kwa sauti yake na kwa asili yake ya Kiarabu, iliyo na maana ya kupanga. Lakini ratiba hutazama mbele tu. Inasema nani atacheza na saa ngapi, na refa akipuliza kipenga cha mwisho kazi yake imekwisha. Kijitabu hununuliwa kama ratiba saa nane mchana, na kufika saa kumi na moja kimekwisha kuwa kumbukumbu bila herufi hata moja kubadilika. Kiswahili kina neno kwa kila upande wa safari hiyo, na sijapata linaloishika safari nzima.

Ndiyo maana nimekuwa nikisema *kijitabu cha mechi*, na ninavyozidi kulitazama neno *kijitabu* ndivyo ninavyozidi kulithamini. Waarabu walituletea kitabu, na *ki* ile ilikuwa sehemu ya mzizi wenyewe, mzizi uleule uliotupa katibu na maktaba. Waswahili wakaisikia kama kiambishi chao. Wakasema vitabu. Kisha, walipotaka kukipunguza, wakaing'oa *ki* ya Waarabu na kupachika *kiji* yao, kama ilivyo katika kijitoto na kijiti. Neno lilikuja mgeni, likapewa ngeli, likazaa mtoto aliyefanana na watoto wa hapa.

Mjomba hakuhitaji Kiingereza kuusoma ule ukurasa wa katikati. Alicheza namba tano ujanani. Kidole chake kilianza kwa kipa, kikapita kwa mabeki wawili, kikafika mstari wa watatu, kikasimama kwa mtu wa kati. "Sentahafu," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nakaa mimi." Kisha akamaliza mstari wa mbele wa watu watano, kutoka winga wa kulia hadi namba kumi na moja. Mpangilio huo wa wawili, watatu na watano umeachwa uwanjani zamani, lakini tunapomtaja namba tisa au namba sita leo bado tunausoma ukurasa ule. Waingereza wenyewe hawakuzilazimisha namba za mgongoni katika ligi yao hadi mwaka 1939. Kabla ya hapo, mtu aliye jukwaani akitaka kujua ni nani aliyepiga shuti alishusha macho kwenye karatasi, akatafuta jina kwa mahali mchezaji aliposimama.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo sikuisadiki mpaka nilipooneshwa. Pembeni mwa viwanja vingi palikuwa na ubao wenye herufi, A, B, C na kuendelea, na wakati wa mapumziko mtu alitundika matokeo ya viwanja vingine chini ya kila herufi. Ubao haukusema A ni mechi gani. Jibu lilikuwa ndani ya kijitabu. Asiyekinunua aliziona tarakimu tu, na akamwomba jirani.

Wakusanyaji wana msamiati wao, na sehemu kubwa yake ni ya madhara: doa, mkunjo, kutu, pini zimetolewa, kuponi imekatwa, kimeandikwa ndani. Kila moja hushusha bei. Nimejifunza kuziheshimu lugha za mafundi, lakini hapa naikataa hesabu yao. Kuponi, kwa mfano. Klabu kama Manchester United zilikuwa zikichapa kuponi ndogo ndani ya kijitabu. Shabiki aliikata, akaibandika kwenye karatasi maalumu, na aliyezikusanya za kutosha alipata haki ya kununua tiketi ya mechi kubwa. Kwa muuzaji, tundu lile ni kasoro. Mimi nikiliona namwona mtu na mkasi wake mezani, Jumamosi usiku, akihesabu zimebaki ngapi afike fainali.

Na maandishi ya penseli. Hapa lazima nitaje kijitabu kimoja ambacho thamani yake yote imo katika kutochapwa.

Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba Manchester United kutoka Belgrade ilianguka ikijaribu kuruka Munich, katika theluji. Watu ishirini na watatu walikufa, wanane kati yao wachezaji. Vijitabu vya mechi ya Jumamosi iliyofuata, dhidi ya Wolverhampton Wanderers, vilikuwa tayari vimechapwa. Mechi ikaahirishwa, vikaharibiwa, vikaponyoka vichache tu. Kisha tarehe 19 ikafika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Sheffield Wednesday. Meneja Matt Busby alikuwa amelazwa Munich. Msaidizi wake Jimmy Murphy, aliyenusurika kwa kuwa siku zile alikuwa Cardiff akiiongoza Wales dhidi ya Israel, alikuwa bado anatafuta watu wa kuvaa jezi. Stan Crowther alisajiliwa muda mfupi tu kabla ya mpira kuanza.

Mchapaji angeandika nini? Upande wa Sheffield Wednesday aliyaweka majina. Upande wa United akaacha nafasi kumi na moja tupu.

Nafasi. Sijui lugha nyingine ambayo neno moja lingeubeba ukurasa ule hivi. Nafasi ni pengo kwenye karatasi. Nafasi ni mahali pa mchezaji uwanjani, nafasi ya beki, nafasi ya kiungo. Nafasi ni bahati inayokujia mbele ya goli. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa pumzi, na katika mzizi huohuo limo neno *nafsi*. Kwenye ukurasa ule nafasi kumi na moja zilikuwa zikingoja nafsi kumi na moja, na kila aliyekishika kijitabu alijua ni akina nani waliokuwa wamezijaza majuma mawili nyuma.

Vipaza sauti vikasoma majina. Watu karibu elfu sitini wakayaandika kwa penseli, wengine kwa wino, wakiwa wamesimama, usiku wa Februari, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye mkono au kwenye mgongo wa mtu wa mbele. Harry Gregg na Bill Foulkes, walionusurika Munich, walikuwamo. United wakashinda 3–0, Shay Brennan akifunga mawili. Siku mbili baadaye Duncan Edwards akafariki hospitalini.

Nimeona nakala zilizojazwa na nakala zilizobaki tupu. Wauzaji wanapendelea tupu. Ningepewa nichague, ningechukua iliyojazwa, tena yenye makosa ya tahajia.

Kwa hiyo hata *mkusanyaji* silipendi tena. Kodi hukusanywa, kuni hukusanywa. Kiswahili kinatupa *kuhifadhi*, na neno hili lina milango miwili: kukiweka kitu kisiharibike, na kukiweka moyoni, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura ya Qur'ani. Anayeweka vijitabu kwenye mifuko ya plastiki asivifungue amehifadhi kwa maana ya kwanza. Kazi hii inaitaka na ya pili. Ningependa tuitwe wahifadhi.

Yote hayo nilimweleza mjomba, kwa urefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza, akanywa kahawa yake, akasema yeye angekiita cheti cha mpira.

Nikapinga. Cheti hutolewa na shule au na serikali, kina mhuri na jina lako.

"Hicho ni cheti chenu," akasema. "Sisi cheti kilikuwa karatasi yoyote aliyopewa mtu aende nayo, ionekane alikotoka."

Alikuwa na haki. Neno lilitufikia kutoka kwa Wahindi, likiwa na maana ya barua fupi, kibarua cha kupelekwa kwa mkono. Mihuri ilikuja baadaye. Nililiandika juu ya boksi moja, *vyeti vya mpira*, na lingine nikaliacha na *vijitabu vya mechi*, kwa sababu bado sijaamua.

Kile alichokuwa amekishika hakikuwa cha Munich. Kilikuwa cha mechi ya ligi ya kawaida ya klabu ndogo, nilichokitoa kwenye boksi la vitu vya bei rahisi sokoni kwa sababu mwenyewe aliyekinunua aliandika, pembeni ya kila jina la timu ya nyumbani, alama kati ya kumi. Mjomba alivaa miwani akazifuata moja moja. Kipa saba. Mabeki sita na tano. Namba tano alikuwa amepewa nane, na mjomba akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba alikuwapo. Tarakimu zilikuwa za mkono uliozoea, nyembamba, zimeinama kulia. Halafu zikabadilika. Zikawa kubwa, zimekandamizwa hadi karatasi imebonyea, na ile tisa imeandikwa kinyumenyume.

"Hapa penseli kampa mtoto," akasema, kidole chake kikiwa juu ya namba saba.