Mkaa Hausemi Kabila

Historia ya Kilosa na Mikumi iliyozoeleka vitabuni huanza na mgeni: Stanley akihangaika katika matope ya Mkata mwaka 1871, kisha Wajerumani, reli na mkonge. Wenyeji huonekana humo kama wapagazi tu. Mkaa uliofukiwa ardhini unasimulia mengine.

Mti ulio hai hufyonza kaboni-14 kutoka hewani. Ukifa hauipokei tena, na kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu ya iliyobaki hutoweka. Kwa kanuni hiyo, iliyobuniwa na Willard Libby huko Chicago katika miaka ya 1940, moto wa mhunzi wa kale waweza kukadiriwa umri. Huko Dakawa, mashariki ya Kilosa, Randi Håland na Caesar Msuya walichunguza mabaki ya ufinyanzi na uhunzi wa chuma wa milenia ya kwanza. Stanley, basi, alichelewa mno.

Hata hivyo, tujihadhari. Mkaa wa kiini cha mti mzee huonesha umri mkubwa kuliko moto wenyewe. Tena tarehe, hata iwe sahihi, haimtaji kabila aliyewasha moto. Wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba 2000 katika uhasama wa wakulima na wafugaji. Anayepekua majivu ya kale akitafuta hati ya kumwita jirani yake mvamizi hataipata. Mkaa husema lini. Nani aishi wapi leo ni swali la haki, nalo linatungoja sisi tulio hai.