Miaka mia ya kupambana na potopoto: kutoka mikanda ya Citroën hadi blokaji ya Land Cruiser

Kila mvua inapokolea kati ya Beni na Kisangani, wenye jeep huanza kuulizana swali lilelile: niongeze nini ili gari langu lipite? Mmoja anataka mipira yenye meno makubwa, mwingine anataka kuinua gari, wa tatu amesikia habari za blokaji ya mbele. Na mara nyingi gari lenyewe si la starehe. Ni la kituo cha afya, la parokia au la ushirika wa wakulima wa kakao, na pesa za kulitengeneza ni za kuchanga. Swali hili si geni kwetu. Lilifika huku karne moja iliyopita, likiwa limepanda magari ya ajabu.

Tarehe 28 Oktoba 1924, magari 8 ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, kule Algeria, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Wafaransa waliita safari hiyo Croisière noire. Mwaka 1925 yaliingia Congo ya Wabelgiji kutoka Oubangui-Chari, yakafika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha yakapanda hadi Niangara, kwa Wamangbetu, kabla ya kuelekea Kampala. Kutoka huko yaligawanyika vikundi vinne, kila kimoja na njia yake, na mwisho wa safari ulikuwa kisiwa cha Madagascar. Kila gari lilikuwa na jina lake na alama yake. Moja liliitwa Konokono mwenye mabawa, na nadhani dereva yeyote wa RN4 angelielewa jina hilo bila kufafanuliwa.

Mbele magari hayo yalikuwa na magurudumu ya kawaida, lakini nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira. Aliyeibuni ni Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa akitunza magari ya mfalme wa Urusi, na shida yake ya kwanza haikuwa tope, ilikuwa theluji. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirudi kwao, na André Citroën akauchukua uvumbuzi wake. Injini ilikuwa ndogo, karibu lita 1,5 tu, leo tungeicheka. Siri haikuwa injini. Mkanda mpana ulitandaza uzito wa gari juu ya udongo, kama vile sisi tunavyotandika mbao kwenye shimo la potopoto, na gari halikuzama. Gharama yake ilikuwa mwendo wa polepole na mikanda iliyochakaa.

Filamu ya safari hiyo, iliyotoka 1926, iliwapa sifa magari na wazungu waliokuwa ndani yake. Lakini msituni mwetu kuna waliotangulia mbele: wanakijiji waliotakiwa na utawala kukata miti na kufungua njia ili msafara upite. Mtu akikuambia kwamba Citroën ilishinda msitu wa Congo, muulize nani alishika panga.

Baada ya vita kuu ya pili mikanda iliachwa kwa majeshi. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Toyota ilitoa gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1951, na jina Land Cruiser likaja 1954. Jibu jipya lilikuwa kwamba magurudumu yote manne yavute. Jibu zuri, ila lina tundu lake, nalo liko kwenye diferansieli. Chombo hicho huruhusu magurudumu mawili ya ponti moja kuzunguka kwa mwendo tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje hukimbia zaidi. Lakini hugawa nguvu sawasawa pande zote mbili. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi, linazunguka bure bila kuhitaji nguvu, na lile lililo pakavu nalo linapewa hiyohiyo kidogo. Ndiyo maana unaona jeep ya magurudumu manne ikizungusha mawili tu, moja mbele na moja nyuma, na haitoki.

Dawa ni blokaji: unafunga diferansieli, magurudumu mawili yanazunguka kama kitu kimoja. Unimog ya Wajerumani ilikuwa nayo mbele na nyuma tangu miaka ya mwisho ya 1940, pamoja na ponti zilizoinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu. Land Cruiser ya aina ya 70, iliyotoka 1984 na ambayo hadi leo ndiyo mfalme wa barabara zetu, inaweza kununuliwa na blokaji kutoka kiwandani.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea hesabu. Nguvu isiyopotea kwenye utelezi lazima ipite mahali fulani, na inapita kwenye ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya ponti, inayozungusha gurudumu. Ukifunga diferansieli, gurudumu moja lenye mshiko linaweza kubeba karibu nguvu yote ya ponti. Wenye Land Rover za zamani walilijua hili, wengi walisafiri na fimbo za akiba. Kuna ponti ambazo fimbo hiyo inasokota gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Ikikatika, gurudumu linaweza kutoka. Nyingine, kama ile ya nyuma ya Land Cruiser ndefu za 78 na 79, uzito unakaa juu ya bomba la ponti lenyewe na fimbo inasokota tu. Ikikatika unatoa vipande, unaziba tundu ili mafuta yasimwagike, unaingiza mbele, unafika. Kuitambua si kazi: kitovu chake kinatokeza katikati ya gurudumu la nyuma, kimezungukwa na nati.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mipira ya matope yenye kipimo kilekile cha kiwanda, na pampu ya upepo. Kupunguza upepo mahali pabaya, ukienda taratibu, ni Kégresse ya maskini: mpira unatandaa, uzito unatandaa. Kisha blokaji ya nyuma. Mipira mikubwa kupita kipimo inarefusha mkono unaosokota fimbo, na injini inalemewa mpaka ubadilishe meno ya diferansieli. Mwenye pesa za mipira hiyo awe na za meno pia. Kuinua gari kwa resori peke yake hakuinui ponti hata sentimita moja, tumbo la diferansieli linabaki palepale likilima katikati ya njia. Blokaji ya mbele iwe ya mwisho, maana ukikata kona imefungwa unavunja jointi ya gurudumu, na usukani haugeuki kirahisi.

Tusisahau na barabara yenyewe. Gari lenye mshiko mkali likilazimisha kupita mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, linachimba mifereji miwili, na pikipiki inayobeba mgonjwa kesho yake inaangukia humo. Kwa ajili hiyo viliwekwa vizuizi vya mvua, ile miti inayolazwa barabarani: mvua ikinyesha gari zito linasimama, udongo unakauka kwa saa kadhaa, ndipo linapita. Vizuizi hivyo bado vipo sehemu nyingi, na mwenye haraka hutoa noti, mti ukainuliwa.