Pasi yako na ndege wa Minnesota

Ukipiga pasi, unakijua kile kitaa kinachowaka na kuzima, sivyo? Kifaa cha aina hiyohiyo ndicho kinachowawekea ndege maji ya kunywa wakati wa baridi kali kule Minnesota, Marekani.

Habari inaanzia kwenye saa. Katika karne ya 18, fundi Mwingereza John Harrison alihangaika na saa za baharini zilizopoteza majira kila joto lilipobadilika. Kwenye saa yake ya H3 akaunganisha ukanda wa chuma na wa shaba ya njano. Shaba hutanuka zaidi, kwa hiyo ukanda hujipinda wenyewe na kurekebisha saa. Mwaka 1830, mkemia wa Scotland, Andrew Ure, akautumia mpindo huo kudhibiti joto. Hiyo ndiyo themostati.

Sasa ndege inamhusu nini? Maji yakiganda anaweza kula theluji, lakini kuyeyusha gramu 1 tu kunataka jouli kama 334, na zinatoka mwilini mwake. Kwa ndege wa gramu 12 mwenye usiku mrefu mbele yake, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo ukiwa huko unachagua beseni la ndege la umeme, uliza kwanza kama lina themostati. Hita ya wati 100 isiyozima inakula uniti 2.4 kwa siku. Yenye themostati huwaka pale tu maji yanapokaribia nyuzi 0. Jamani, hatuwapashii ndege maji ya kuoga, tunataka yasigande tu. Na kina kiwe kifupi: sentimita 5 zinatosha.