Christine de Pizan alivyowavua miungu uungu wao

Hebu tuanze na Ceres. Warumi walimwabudu kama mungu wa nafaka. Christine de Pizan, mjane aliyeikimu familia yake kwa kalamu jijini Paris, aliukataa uungu huo. Katika kitabu chake cha 1405 kuhusu mji wa wanawake, Ceres ni malkia wa Sicily aliyevumbua kilimo. Minerva naye ni msichana aliyebuni deraya za chuma. Watu wakastaajabu, wakamwita mungu.

Nasisitiza kwamba huko hakukuwa kuwashusha hadhi. Wasomi wengi wa enzi hizo walishikilia eti mwanamke hana akili ya kuvumbua kitu. Mungu wa kike asingewajibu. Mwanamke wa damu na nyama, je? Boccaccio, ambaye Christine alichota mengi kwake, alisitasita iwapo kilimo cha Ceres kilileta heri au balaa. Christine hakusita hata kidogo.

Ninachokipenda zaidi ni kile cha 1410. Akiandika kuhusu vita, uwanja wa wanaume hasa, Christine, mzaliwa wa Venice, alimwomba Minerva msaada huku akimkumbusha kuwa wote wawili ni Waitalia.