Piza nyeupe ilitangulia nyanya

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe mnaouza vitafunwa, nyanya zikipanda bei msifunge jiko. Mjini Gaeta, Italia, mkataba wa mwaka 997 ulimtaka mpangaji wa kinu ampelekee askofu piza 12 kila Krismasi na nyingine 12 kila Pasaka. Kodi ya kinu hiyo! Nyanya asili yake ni Amerika, ikafika Ulaya karne ya 16. Kwa hiyo piza za askofu hazikuwa na nyanya hata moja. (Ile ya Forodhani, Unguja, ni jamii ya chapati: hukunjwa na nyama na yai, ikakaangwa.)

Kanda unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko cha chai, chumvi kidogo na maji vuguvugu mililita 300. Funika saa moja uumuke. Tandaza kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, paka kitunguu saumu, tia jibini. Oka kwa mkaa mwingi juu ya mfuniko, kidogo chini. Jibini? Maziwa yaliyokosa mnunuzi, kabla hayajaharibika, yachemshe, kamulia limau yakatike, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi.