Kopo la maharage na vita vya mezani

Najua nimewatupa wadau, lakini nyie wenyewe mnaijua hali ya hapa chuoni: UE ziko mlangoni, boom limechelewa, mtu anakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni halafu anajiita msomi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu ya ugomvi. Ndiyo, ugomvi wa chumbani, na chanzo chake ni kopo la maharage.

Mwenzangu wa chumba (yule jamaa wa uhasibu) juzi usiku alilishusha kopo langu kutoka juu ya kabati, akachukua sufuria. "Mwalimu, njaa haina historia. Tunayaloweka haya sasa hivi." Nikamwambia hayo hayapikwi. Akacheka. Nikamwambia kila punje humo ndani ni watu 100 waliokufa. Hapo akanyamaza, akaniangalia kama mtu anayefikiria kuhama chumba. Teh teh teh!

Sasa ili nisionekane nimechanganyikiwa kabla ya mitihani, ngoja niwaeleze yametoka wapi. Hadithi ni ndefu kidogo na inaanzia Ujerumani, kwa hiyo vumilieni.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima kabisa, wana kazi na watoto, ambao jioni wanakaa na brashi nyembamba kama sindano wakipaka rangi wanajeshi wenye urefu wa milimita 28. Mwisho wa wiki wanakutana, wanatandaza meza yenye vilima na miti ya bandia, wanapima mwendo kwa tepu, wanarusha dadu, na vita vya Waterloo vinapiganwa upya. Mara ya kwanza niliposoma habari hizi nikasema hawa wamekosa kazi. Baadaye nikagundua kwamba wazo lenyewe lilikuzwa na watu wa kazi tupu.

Mwaka 1780 mwalimu mmoja wa hisabati mjini Brunswick, Johann Christian Ludwig Hellwig, aliuchukua mchezo wa sataranji akaupanua. Ubao wake ulikuwa na miraba zaidi ya 1,600, yenye rangi tofauti kuonyesha milima, maji na matope. Lengo lake lilikuwa kuwafundisha vijana wa kikabaila mambo ya vita. Mwalimu huyo, wadau! Zana za kufundishia hazikuanza na sisi wa Educesheni.

Mwaka 1812 Baron von Reisswitz wa Prussia akamwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ambayo haikuwa na miraba ya sataranji. Ilikuwa na vipande vya ardhi vyenye vilima na mito, unavipanga upendavyo. Mwanawe, luteni wa mizinga, akauboresha mchezo na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Alitumia ramani halisi ya kipimo cha 1 kwa 8,000, na vipande vidogo vya madini kwa vikosi, vyekundu na vya buluu. Kila zamu ilikuwa sawa na dakika mbili za vita. Katikati alikaa mwamuzi, na wewe huoni jeshi la adui mpaka mwamuzi aridhike kwamba kwa mahali ulipo ungeliona. Hata dadu haikuwa bahati nasibu tu, kwani matokeo yake yalitokana na majaribio ya kweli ya shabaha ya bunduki na mizinga.

Mnadhimu mkuu wa jeshi, Jenerali von Müffling, aliletewa mchezo huo akiwa hana hamu nao. Inasemekana alipoutazama kwa muda alibadilika, akasema huu si mchezo hata kidogo, ni shule ya vita. Ikaamriwa vikosi viupate. Luteni mwenyewe hakufaidi sana, alijiua mwaka 1827. Lakini Prussia ilipoishinda Ufaransa katika vita vya 1870 na 1871, majeshi mengine yakaanza kuuiga.

Kwa hiyo kumbukeni hilo: mwanzoni ilikuwa shule ya kuua vizuri. Ikawaje ikafika kwenye meza ya baba wa familia?

Njia ya pili ilipitia kwa watoto. Mafundi wa Nuremberg walishazoea kutengeneza wanajeshi bapa wa bati. Halafu mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kumimina wanajeshi wa risasi wenye uwazi ndani: madini yanamiminwa kwenye kalibu, yanaganda pembeni, yale ya katikati yanamwagwa kabla hayajaganda. Mwanajeshi anakuwa mwepesi na bei inashuka. (Angalieni Kiswahili kinavyotuchezea: risasi ndiyo anayotengenezwa nayo askari wa kuchezea, na risasi ndiyo inayomuua askari wa kweli.)

Na wakubwa wakaanza kuwaibia watoto. Robert Louis Stevenson, yule wa Treasure Island, alipokuwa Davos, Uswisi, akitibiwa kifua mwanzoni mwa miaka ya 1880, alicheza vita vikubwa darini na mtoto wake wa kambo. Mwaka 1913 H. G. Wells akatoa kitabu kiitwacho Little Wars. Wells alilala sakafuni na marafiki zake wakifyatua vijiti vya mbao kwa mizinga ya kuchezea, nyumba za maboksi huku na matawi ya miti kule, kisha akaandika kanuni. Kitabu kile unaweza kukisoma bure mtandaoni, mimi nilikimaliza kwenye simu usiku mmoja umeme ulipokatika. Mwishoni mwake Wells anasema jambo zito: anayetaka vita afungiwe chumbani na wanajeshi wa risasi, maana ukicheza mara tatu nne utaona jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi mtupu. Hiyo ni 1913. Mwaka mmoja baadaye Ulaya ikawaka moto, na Wells mwenyewe akawa anaandika kuiunga mkono Uingereza.

Baada ya Vita vya Pili mchezo ukaenea hasa. Mwaka 1957 Jack Scruby wa California alianzisha jarida la wachezaji. Mwaka 1959 Airfix ikaanza kutoa wanajeshi wa plastiki wa bei poa. Mwaka 1962 Donald Featherstone, mtu wa tiba ya viungo aliyewahi kuihudumia timu ya mpira ya Southampton, na aliyepigana kweli kwenye vifaru, akatoa kitabu War Games kilichowafundisha wengi. Na wale wa magemu msidhani mko mbali: Dungeons & Dragons ya 1974 ilizaliwa na wachezaji hawahawa, na magemu yenu mengi yamerithi kutoka humo ile kuhesabu uhai wa mtu kwa pointi.

Kilichonivutia mimi ni rangi. Huwezi kumpaka askari mmoja wa Waterloo bila kusoma. Koti la Mwingereza lilikuwa jekundu, sawa, lakini kola na mikono yake ilitofautiana kwa kila rejimenti: njano, kijani, buluu. Unaanza na rangi ya msingi, unamwagia rangi nyepesi kama chai ili ikae kwenye mikunjo iwe kivuli, halafu unapitisha brashi kavu juu ili sehemu zilizoinuka zing'ae. Na ukishafika kwenye viatu unajiuliza: hawa waliandamana kwenye mvua, viatu vingebaki vyeusi kweli? Mtu anayeuliza swali hilo ameshaanza kuwa mwanahistoria, hata kama hajakanyaga chuo.

Ila kuna hesabu. Wellington alikuwa na watu wapatao 68,000 siku ile ya Juni 18, 1815. Ukisema sanamu moja iwakilishe watu 20, bado unahitaji sanamu 3,400. Hakuna anayeweza, kwa hiyo kila meza lazima ichague nani awepo na nani asiwepo. Na hapo ndipo kwenye utamu wote wa habari hii, na uchungu wake.

Mfano ni Luteni William Siborne. Yeye alitengeneza mfano mkubwa wa uwanja wa Waterloo wenye sanamu zaidi ya 70,000, ukaonyeshwa London mwaka 1838. Alikaa miezi mingi pale uwanjani akipima ardhi, akawaandikia maofisa walionusurika kuwauliza walisimama wapi. Ushahidi wake ulionyesha kwamba jioni ile, wakati wa shambulio la mwisho la Napoleon, Waprussia walishafika wengi. Wakubwa wa jeshi la Uingereza hawakupenda kuwaona wamejaa pale mezani kiasi kile. Mwishowe Siborne akakubali kuwapunguza. Fikiria: jeshi linaondolewa kwenye historia kwa kunyanyua tu vijisanamu vya bati!

Basi, mwaka jana nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata, nikapewa kidato cha tatu, mada ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Darasa lilikuwa linasinzia. Nikasema ngoja niwe Hellwig. Nikachora Tanga sakafuni kwa chaki: Ras Kasone, mji, reli ya kwenda Moshi. Wanajeshi wakawa vifuniko vya soda, kila kifuniko watu 100. Waingereza na Wahindi waliokuja kwa meli kutoka Bombay chini ya Meja Jenerali Aitken, Novemba 1914, walikuwa kama 8,000, basi wakapata vifuniko 80 vya Fanta. Von Lettow-Vorbeck na askari wake kama 1,000, vifuniko 10 vya Coca. Dadu tuliazima kwenye ludo ya mlinzi.

Darasa likaamka lote! "Ticha, hii si haki!" Na kweli, mchezo wa kwanza Fanta wakashinda kwa dakika kumi. Nikawaambia mbona historia inasema walishindwa? Hapo ndipo tukaanza kusoma. Manowari ilitangulia kutoa taarifa mjini, von Lettow akapata muda wa kuleta kompania zake kwa reli. Wanajeshi wa Aitken walishuka wamechoka na bahari, wengi hawakufunzwa vya kutosha, wakaingia vichakani wasikokujua. Nyuki nao wakatoka mizingani wakawashambulia, hata zikavuma habari kwamba ni mtego wa Wajerumani. Mpaka Novemba 5 Waingereza walishapanda tena melini, zaidi ya 800 wameuawa, kujeruhiwa au kupotea, na wameacha nyuma bunduki zaidi ya 400, bombomu 16 na risasi zaidi ya laki tano. Kila jambo tukaligeuza kanuni, tukacheza tena, na safari hii Fanta wakakimbia.

Nikajiona mwalimu bora wa taifa. Ndipo binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno, akanyoosha mkono. "Mwalimu, wote hawa wana bunduki. Sasa maji na chakula chao anabeba nani?"

Wadau, sikuwa na kifuniko cha kujibu.

Tuliahirisha mpaka kesho yake, nikaja na kilo moja ya maharage. Nikawaambia Tanga ilikuwa mwanzo tu, vita vilikwenda mpaka Novemba 1918, na katika miaka hiyo upande wa Waingereza peke yake uliwachukua wapagazi wanaokaribia milioni moja. Waliobeba unga, risasi na wagonjwa. Jina la Kariakoo limetokana nao. Waliorekodiwa kufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, ni zaidi ya 90,000. Kwa kipimo chetu kilekile, kifuniko kimoja watu 100, hiyo ni punje 900 na ushei. "Hesabuni," nikasema. Wakahesabu kwa makundi, sauti zikipungua kadiri lile rundo lilivyokuwa linakua pembeni ya vifuniko vyetu 90 vya jana.

Katikati ya hesabu ndipo aliingia mkaguzi kutoka chuoni. Akakuta madawati yamesukumwa, watoto wako chini na maharage. "Mwalimu, hili ni darasa au gulio?" Kwenye fomu akaandika kwamba sikulimudu darasa. Alama zake sizitaji hapa, mama yangu anasoma ukurasa huu. Siku hizi nikipita pale kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, katikati ya Dar, nasimama kidogo. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, ila aliyechongwa na kusimama juu na bunduki ni askari peke yake.

Siwalaumu wanaocheza. Wapo hata mafundi wanaouza sanamu za wapagazi wa Kiafrika, na Wells hakukosea, ni heri kuua risasi kuliko mtu. Ninachosema ni kwamba meza yoyote, iwe ya mchezo, ya makumbusho au ubao wa mwalimu, inachagua. Kazi yetu sisi tutakaoshika chaki ni kuuliza kila mara ni nani amebaki kwenye boksi.

Basi maharage yale 900 na ushei ndiyo yaliyomo kwenye kopo. Yaliyobaki kwenye ile kilo tulishayala zamani, msiwe na wasiwasi. Jamaa yangu wa uhasibu alisikiliza hadithi yote hii, akalirudisha kopo juu ya kabati mwenyewe, akafuta na vumbi. Halafu akaniambia, "Sawa mwalimu. Lakini boom lisipoingia Ijumaa, tutaongea tena."

Niombeeni liingie. Tuonane baada ya UE!